Mgao wa Maneno

Nchi hii ninayoisimulia haipo. Mimi mwenyewe nimeitafuta kwenye ramani sikuiona, na kama wewe umeiona, nakuomba unyamaze, maana nina watoto wanaonitegemea. Ilikuwa nchi nzuri tu, yenye bendera, wimbo, na barabara moja ya lami iliyozinduliwa kila mwaka. Kiongozi wake aliitwa Mlezi Mkuu. Cheo cha rais alikijaribu zamani, akasema kinambana mabegani. Picha yake ilitundikwa popote palipokuwa na ukuta, na pasipokuwa na ukuta palijengwa ukuta.

Siku moja Mlezi Mkuu alizuru shule ya chekechea. Watoto walikuwa wamepangwa mstari tangu alfajiri, wamepakwa mafuta wakang'aa, mikononi wana vibendera, matumboni hawana kitu. Mlezi Mkuu akainama mbele ya kitoto kimoja cha miaka mitatu hivi, kamera zote zikiwa zimewaelekea, akauliza kwa sauti ya kubembeleza, "Haya mwanangu, mimi unanijua?"

Mtoto alifurahi sana kuulizwa kitu anachokijua. "Ndiyo," akasema. "Shikamoo, Babu Taabu."

Toba! Waziri mmoja alizimia palepale, na mwingine, kwa kuogopa kuonekana hakuguswa, naye akazimia. Tume ikaundwa. Tume ikagundua kwamba mtoto hakuwa na nia mbaya hata chembe. Nyumbani kwao, kila sura ya Mlezi Mkuu ilipotokea kwenye televisheni, mama yake alishika kiuno akasema, "Taabu hii!" Mtoto akaona sura, akasikia neno, akaviunganisha, kama mtoto yeyote anavyojifunza kusema. Alidhani ndilo jina la mzee wa watu. Akalitunza kwa adabu zote, akingoja siku watakapokutana amwamkie.

Mama yule alipelekwa mahali kupumzika. Bado anapumzika.

Akaitwa Profesa Ndimibora, aliyesoma ng'ambo miaka mingi mpaka akasahau ni kipi alichokwenda kusoma. Alisimama mbele ya Baraza la Mawaziri, akavua miwani, akavaa miwani nyingine.

"Waheshimiwa," alisema, "utafiti umebaini kwamba mtoto hujifunza neno kwa kulisikia kando ya kitu chenyewe. Anasikia 'paka' huku paka anapita, anasikia 'maji' huku anakunywa maji. Ndivyo hivyo, akisikia 'njaa' huku tumbo linanguruma, basi mara moja ameijua njaa, na hapo hatumwezi tena. Kwa hiyo njia ni mbili. Ama tuondoe kitu, ama tuondoe neno."

Waziri wa Fedha akauliza ipi ni nafuu.

"Kuondoa njaa, Mheshimiwa, kunahitaji mvua, mbolea na uaminifu. Kuondoa neno kunahitaji tangazo."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Ndipo ikaanzishwa Wizara ya Ulimi na Adabu, na maneno yakaanza kutolewa kwa mgao kufuata umri. Watoto wachanga walipewa mama, baba na asante. Wa chekechea waliongezewa ndiyo, nzuri, hongera, shikamoo, na lile la kujibia maswali yote ya dunia, "naendelea vizuri." Wa shule ya msingi walipata "nakubali." Neno "sitaki" lilitolewa kwa watu wazima waliokwisha kuapa kwamba hawatalitumia. "Inauma" waliipata waajiriwa, baada ya kuthibitishwa kazini. "Kwa nini" lilikuwa la wastaafu, nalo lilikuwa kama mafao yao mengine, wengi walikufa kabla hawajalipata.

Watu wazima waliruhusiwa kusema maneno yao wao kwa wao, alimradi mtoto asisikie. Na kwa kuwa katika nchi ile mtoto hakosekani nyuma ya mlango, watu wakaanza kunong'ona, na baada ya kunong'ona wakaona heri wanyamaze. Wizara ikatangaza kwamba amani imeongezeka.

*

Sasa, sheria ile hakuna aliyeisimamia kwa moyo kama Bwana Dastani Mkolwe, Mkaguzi wa Ndimi wa mtaa wa Mchangani. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, wa suti ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Mfukoni alikuwa na muhuri wa kutolea vibali vya maneno. Mkononi alibeba beseni la bati, na ndani ya beseni kipakiti cha chumvi.

Na masikio alikuwa nayo, we! Alikuwa akijibanza nyuma ya vyoo vya shule, mtu mzima na ndevu zake, anasikiliza watoto wanavyocheza. Mtoto akisukumwa na mwenzake, akisahau tu akasema "sitaki," Dastani huyo, keshatokea na beseni. Mtoto alisukutuliwa maji ya chumvi mbele ya wenzake wote, tena na tena, hadi atapike, na hapo neno lilihesabiwa kuwa limetoka. Wizara iliamini kwamba neno likitapikwa halirudi. Watoto, kwa upande wao, waligundua upesi kwamba neno linaweza kukaa ndani salama kabisa, kama mdomo umefungwa.

Kulikuwa pia na Chambo. Huo ulikuwa ufundi wa Dastani mwenyewe, na Wizara ilimpa medali kwa ajili yake. Anamchukua mtoto, anamkalisha, anambembeleza. Kisha anamfinya mkononi, na huku anamfinya anamwambia kwa huruma kabisa, "Maskini, inauma, eh? Sema inauma, usiogope, mimi ni baba yako." Mtoto akidanganyika akasema, beseni hilo. Mtoto aliyekomaa alijibu, "Naendelea vizuri," akapewa pipi.

Msije mkadhani mtu huyu alikuwa katili. Alikuwa na binti mmoja, wa umri wa chekechea, na alimpenda mpaka watu walimcheka. Mama yake, Mwasiti, alikuwa amempa mtoto jina la Siwema, kwa sababu alizaliwa wiki ile sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipopotea madukani kwa pamoja. Karani wa vizazi akasema "si" ni zito mno kwa mtoto mchanga, akaikata, ikabaki Wema. Dastani akaona sawa. Mwasiti alimwita Wema mbele za watu, na jikoni, akimwosha miguu, alimwita Siwema taratibu.

Dastani alitaka bintiye awe Mtoto wa Mfano. Kila asubuhi, chai ikiwa mezani, alimpakata, akamfinya kidogo na kumwambia, "Sema inauma, mwanangu." Wema akitazama juu na macho yake makubwa, anasema, "Naendelea vizuri, baba." Dastani anacheka, anampa pipi, anambeba mabegani mpaka getini. Hakuwahi kushindwa hata asubuhi moja. Jina lake likapelekwa Wizarani, likarudi na jibu: Siku ya Ulimi, Wema Dastani Mkolwe atasimama jukwaani mbele ya Mlezi Mkuu mwenyewe.

*

Katikati ya furaha hiyo akaja Bibi Sikujua, mama yake Mwasiti, kutoka shamba, na kuku wawili na domo lake.

Serikali ilikuwa imeshaonya kuhusu mabibi. Mabibi walikuwa njia kuu ya magendo. Bibi anachambua mchele anazungumza, anasuka ukili anazungumza, anamwosha mjukuu anamwambia hiki kinaitwa hivi na kile kinaitwa vile, na jioni mtoto ana mali ya wizi mdomo mzima. Dastani alimpokea mkwewe kwa heshima, akampa kiti, akamsomea kanuni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, baba," alisema. "Sasa nikimwita mtoto chooni nimwambieje, au choo nacho mmekifunga?"

Hazikupita siku nyingi. Wema alikuwa anakimbiza wale kuku uani, akajikwaa kwenye kinu, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Akaketi chini, akashika mguu, akapasua sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia: "Inauma! Bibi, inauma!"

Bibi Sikujua keshamdaka, anampuliza kidole, anamwambia, "Inauma eh? Najua mama, inauma. Itapoa." Na mtoto akawa analia kwa raha, kama mtu aliyetua mzigo.

Dastani alisimama mlangoni. Mtoto wake. Mtoto wa Mfano! Na majirani ukutani wana masikio. Hakupiga kelele. Alikwenda ndani akaleta beseni.

"We Dastani, una wazimu?" Bibi alimkumbatia mjukuu. "Mtoto ameumia, ulitaka aseme nini?"

"Aseme anaendelea vizuri, mama."

"Na damu hii?"

"Damu haimhusu mtu wa umri wake."

Alimsukutua kwa mkono wake mwenyewe. Mwasiti alikuwa amesimama pembeni, khanga ameiuma kwa meno. Wema alitapika maji, na chai, na ugali wa mchana, na baba alipomwuliza anaendeleaje, alijibu vizuri. Kesho yake Bibi Sikujua alirudishwa shamba chini ya ulinzi wa mgambo. Alipopanda gari alimtazama mkwewe, akafungua mdomo, kisha akaufunga, na kwa Bibi Sikujua hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tusi lolote.

*

Zilikuwa zimebaki siku chache kufika Siku ya Ulimi Wema alipoanza kuacha chakula. Kwanza aliacha uji. Kisha akawa hakimbii, anatembea ameinama kidogo upande mmoja, mkono kwenye tumbo. Asubuhi baba akamfinya, akamwambia aseme, akajibu anaendelea vizuri, na pipi akaishika tu mkononi, hakuila.

"Ni woga wa jukwaa," Dastani alisema. "Hata mimi nilikuwa hivyohivyo."

Mwasiti alingoja atoke, akafunga mlango wa jikoni, akapiga magoti mbele ya mtoto, akamnong'oneza sikioni, "Siwema. Mama yako hapa. Inakuuma wapi?"

Mtoto aliutazama mlango kwanza. Kisha akamziba mama yake mdomo kwa kiganja. Alikuwa wa moto, kiganja kinaunguza. Akaunyanyua mkono wa mama, akauweka kwenye tumbo lake, chini, upande wa kulia, akaukandamiza hapo. Machozi yalimshuka bila sauti yoyote.

Dastani aliporudi, Mwasiti alimwangukia. "Baba Wema, nakuomba. Hakusema neno. Sheria yenu hajaivunja, kanishika mkono tu akanionyesha. Twende hospitali."

Walikwenda, maana nimeshasema, alimpenda mtoto.

Daktari Kilulu alikuwa kijana mchovu mwenye macho mekundu. Alimlaza mtoto kitandani, akamgusa tumbo, na tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Alipoachia mkono, mtoto alijikunja wote, vidole vya miguu vikajipinda, mdomo umefungwa kabisa. Daktari akamtazama baba, akatazama suti ya kaki.

"Mtoto," akauliza, kama kanuni zilivyomtaka, "unaendelea vizuri?"

"Ndiyo," alisema Wema. "Naendelea vizuri."

Nchi ile, msisahau, ilikuwa imeshaboresha na sekta ya afya. Ugonjwa ambao mgonjwa hakuutaja kwa neno lake mwenyewe, alilogawiwa kihalali, haukuwa ugonjwa. Daktari aliyemfungua tumbo mtu anayeendelea vizuri alihesabiwa kuwa amechokoza amani. Tangu utaratibu huo uanze, idadi ya watoto wagonjwa ilikuwa imeshuka vizuri mno, na makaburi, ambayo yako chini ya wizara nyingine, hayakuingia kwenye takwimu.

Daktari alimvuta Dastani pembeni. "Bwana Mkaguzi, mimi nimeona ninachokiona, na wewe umeona. Lile tumbo halitaki kungoja. Muhuri unao mfukoni. Nigongee kibali cha neno moja tu, nimwulize, ajibu, nimpeleke chumba cha upasuaji sasa hivi."

Dastani aliingiza mkono mfukoni. Aliushika muhuri. Hapo aliona mambo mawili: alimwona mtoto amejikunja kitandani, na aliliona jukwaa, na Mlezi Mkuu, na watu wanasema Mtoto wa Mfano kumbe alipewa "inauma" kwa mlango wa nyuma, kabla ya umri wake, na baba yake mwenyewe, Mkaguzi. Wangemvua suti palepale. Wangewahamisha wote watatu mahali pa kupumzika.

"Siku ya Ulimi ni kesho kutwa," alisema. "Ikishapita, siku hiyohiyo jioni namleta. Nakuapia. Nakugongea maneno yote unayotaka."

"Kesho kutwa, Bwana Mkaguzi?"

"Mpe dawa ya homa."

"Homa nayo hajaitaja," alisema daktari. Akampa hata hivyo, akiwa ameangalia dirishani.

Muhuri ukabaki mfukoni.

*

Siku ya Ulimi uwanja ulifurika. Shule zote zilikuwa zimeletwa, watoto wameketi vumbini kwa madaraja ya maneno yao, wenye maneno machache mbele kabisa. Kwenye pembe ya jukwaa lilisimamishwa beseni la sherehe, la shaba, maji ya chumvi yamejaa hadi mdomoni. Mlezi Mkuu alihutubia kwa muda mrefu. Alisema yeye mwenyewe ana maneno mengi kupita mtu yeyote nchini, na ameyabeba yote peke yake ili wananchi wapumzike.

Kisha likaitwa jina la Wema. Alipanda ngazi polepole, gauni jeupe, soksi nyeupe, uso umeparara. Asubuhi ile alikuwa ameacha kujishika tumbo, na Dastani alikuwa amefurahi akidhani amepoa. Mwasiti hakufurahi. Alisimama chini ya jukwaa na khanga yake, hakupiga kofi hata moja.

Mtoto alianza kutaja mgao wake. Mama. Baba. Asante. Kila neno lilimtoka likiwa dogo kuliko lililotangulia. Alipofika kwenye hongera, aliyumba. Akashika nguzo ya kipaza sauti, na midomo yake, Dastani aliiona vizuri kutoka pale alipoketi na wakubwa, ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Hapo ndipo kitu kilipomkatika mtu yule. Hakujua ameinukaje. Alijikuta amepiga magoti mbele ya mtoto, kipaza sauti kiko juu ya vichwa vyao, mikono yake imemshika mabega, na anapiga kelele nchi nzima inasikia.

"Sema inauma, mwanangu! Inauma, eh? Sema! Usiogope, mimi ni baba yako!"

Daktari Kilulu, aliyekuwa amesimama karibu na gari la wagonjwa, alianza kukimbia kuelekea jukwaani. Neno moja tu lilikuwa linahitajika, na baba alikuwa analia sasa, kamasi zinamtoka mbele ya Mlezi Mkuu, anasema, "Nakuomba, Siwema. Siwema wangu, sema inauma."

Mtoto alimtazama. Alitazama beseni la shaba. Akamtazama tena baba yake, machozi yake na mikono yake iliyomshika mabega, na akakumbuka kila asubuhi ya maisha yake, chai ikiwa mezani. Alijikaza. Alisimama wima kabisa, akatabasamu, maana alitaka afaulu, baba afurahi.

"Naendelea vizuri, baba."

Watu walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Mlezi Mkuu aliinuka. "Mmeona!" alisema, sauti inamtetemeka kwa fahari. "Mmeona Chambo kilivyotegwa! Na machozi ya kweli! Mkaguzi huyu ni msanii. Na mtoto huyu ni nchi yenyewe!" Akamvisha medali, na medali ilikuwa nzito, na Wema akaanguka nayo.

Walimpakia kwenye gari la wagonjwa, daktari ndani, Mwasiti amempakata. Gari lilifika barabara ile ya lami likasimamishwa, kwa sababu msafara wa Mlezi Mkuu ulikuwa unajiandaa kupita. Askari alisema hakuna gari litakalosogea. Dastani alishuka, akamwonyesha kitambulisho, akamwonyesha muhuri, akamwonyesha mtoto. Askari, kijana mwenye adabu, alichungulia ndani akauliza, "Anaendeleaje?"

Msafara ulipokwisha kupita hapakuwa tena na haja ya kuharakisha.

*

Redio ilitangaza kwamba Mtoto wa Mfano ametutoka akiwa anaendelea vizuri.

Msiba ulikuwa mkubwa. Watoto wa mtaa mzima walikuja na mama zao, wakakaa kwenye mikeka, wakitazama. Walikuwa wameona kila kitu uwanjani, kutoka mstari wa mbele. Bibi Sikujua alifika kutoka shamba bila kibali. Hakumlaumu mkwewe. Alikaa karibu naye, akamwuliza kitu kimoja tu.

"Alisema nini mwishoni?"

Dastani akamwambia. Bibi Sikujua alijifunika uso kwa khanga, akayarudia maneno yale, "Naendelea vizuri, baba. Naendelea vizuri," na kila akiyarudia wanawake waliangua kilio upya, na watoto mikekani wakawa wanageuza vichwa, mara kwa bibi, mara kwa jeneza dogo, mara kwa bibi.

Siku ya arobaini ilipokwisha, barua ya Wizara ilifika. Bwana Dastani Mkolwe alikuwa amepandishwa cheo kwa onyesho lake la kihistoria. Mwasiti aliisoma, akaiweka mezani, akafunga nguo zake kwenye khanga, akamfuata mama yake shamba. Hakugomba. Mlangoni Dastani alimwuliza atarudi lini, naye alisema, "Hilo sijagawiwa," akaenda zake.

Na mwezi haukwisha Mkaguzi akaitwa kazini. Wizara ilikuwa imepokea malalamiko kutoka Mchangani: watoto wanalia ovyo, na haijulikani wamepata wapi neno la kulilia. Dastani alichukua beseni la bati na chumvi, akatoka. Alitembea kama mtu aliyetumwa na mwingine.

Aliwakuta uwanjani, nyuma ya shule. Hakujibanza, na wao hawakukimbia. Walikuwa wanacheza. Kasichana kamoja kalikuwa kamelala chini kamenyooka, kizibo cha chupa kifuani badala ya medali. Mwingine alikuwa amepiga magoti, amejichora ndevu kwa mkaa, anamtikisa mabega, anaomba, "Sema! Mimi ni baba yako, sema!" Aliyelala akafumbua macho kidogo, akatabasamu, akasema, "Naendelea vizuri, baba." Akafumba macho. Na watoto wote waliozunguka wakaweka mikono kichwani, wakalia kama wanavyolia wanawake msibani.

Dukani jirani redio ilikuwa inakoroma hotuba. "Wananchi wangu," ilikuwa inasema sauti ya Mlezi Mkuu, "nawahakikishia kwamba nchi yetu inaendelea vizuri." Watoto walinyamaza, wakageuka kuisikiliza redio. Kisha mmoja mmoja wakairudisha mikono kichwani, wakaanza kuililia na nchi.

Dastani alisimama na beseni lake. Alitafuta neno la kukamata, hakuliona. Waliyokuwa wanasema yote walikuwa wamegawiwa kihalali, yamo kwenye mgao wa chekechea, yamegongwa muhuri na yeye mwenyewe. Profesa Ndimibora alisema kweli siku ile. Mtoto hujifunza neno kwa kulisikia kando ya kitu chenyewe, na kitu chenyewe walikuwa wamekiona.

Kasichana kalikokuwa kamekufa kaliinuka, kakajipangusa vumbi, kakamsogelea. Kalimtazama usoni kwa muda, kakamshika kidole, kakamwuliza kwa sauti ileile ya chini ambayo watu wazima hutumia kwa mfiwa:

"Na wewe, baba Wema? Unaendelea vizuri?"

Mkaguzi alikuwa na maneno yote. Cheo chake kipya kilimruhusu "inauma," kilimruhusu "sitaki," kilimruhusu hata "kwa nini" kabla ya kustaafu. Aliweka beseni chini.

"Naendelea vizuri," alisema.

Watoto walimwelewa. Wakaketi chini wote kando ya beseni, wakamlilia.